Surat, Mezani kwa Wakataji wa Almasi

Nilitaka almasi moja tupu, bado haijafungwa kwenye pete, yenye cheti, na niipokee kwa mzalishaji mwenyewe. Wengi hudhani safari kama hiyo huishia mgodini. Kampuni kubwa za uchimbaji huuza almasi ghafi kwa mafungu, kwa wanunuzi maalumu au kwa zabuni; anayetafuta jiwe moja hana nafasi pale. Tena cheti cha ubora huandikiwa jiwe lililokwisha kukatwa. Kile cha Kimberley, cha mpango wa kimataifa wa kuzuia almasi zinazogharimia vita, kilichoanza mwaka 2003, husindikiza shehena za almasi ghafi mipakani, wala hakisemi lolote juu ya rangi au usafi wa jiwe.

Basi nikapanda treni Mumbai kuelekea kaskazini, kilomita 260 hivi, hadi Surat katika jimbo la Gujarat. Sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa na kung'arishwa katika mji huu.

Nilipitia kwanza soko la Mahidharpura. Biashara hufanyika barabarani: wanaume wameegemea pikipiki, wanakunjua vikaratasi vyeupe na kukagua vijiwe kwa lenzi kwenye mwanga wa mchana. Wanajuana, na ahadi ya mdomo kwao ina uzito wa mkataba. Mgeni asiye na wa kumdhamini atazame tu. Nami nilitazama, nikaenda kiwandani nilikokuwa na miadi.

Huko nilielewa fedha ya mnunuzi inalipia nini. Jiwe ghafi hupigwa picha ndani kwa ndani, kompyuta ikapendekeza namna ya kulikata, leza ikalipasua, kisha mafundi wakalisugua kwenye sahani ya chuma inayozunguka, iliyopakwa unga wa almasi. Mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito hupotea njiani. Fundi anayeng'ang'ania uzito huacha jiwe nene chini, na mwanga ukiingia huvujia pembeni badala ya kurudi jichoni.

Namba za vyeti nilikuwa nimeziomba kabla ya kusafiri, nikazihakiki kwenye tovuti ya GIA, taasisi ya Marekani inayopima almasi na kutoa vyeti. Iliyobaki ilikuwa kujua kama jiwe lililo mezani ndilo lililoandikwa kwenye karatasi. Hapa sikukubali kuharakishwa. Tulipima uzito hadi sehemu ya mia ya karati, na karati moja ni gramu 0.2 tu. Tukapima kipenyo na kimo. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 nilitafuta namba iliyochorwa kwa leza ukingoni, kisha nikatafuta doa kama lilivyochorwa kwenye ramani ya cheti, kwa sababu namba huweza kuigwa, lakini alama za ndani ya jiwe ni vigumu mno kuziiga. Rangi niliitazama jiwe likiwa limelala kifudifudi juu ya karatasi nyeupe. Likitazama juu, mng'ao huficha umanjano.

Niliomba pia lipitishwe kwenye mashine ya kutambua almasi zilizotengenezwa maabara, maana Surat inazizalisha kwa wingi. Kile kipimo kidogo cha mkononi kinachopima joto hakizitenganishi, kwani nazo ni almasi kweli, kaboni ile ile. Mwenye kiwanda hakuchukia. "Kagua, ndugu yangu, ndiyo haki yako," aliniambia, na kwangu utayari huo ulikuwa na thamani kuliko punguzo lolote.

Kati ya mawe mawili yaliyobaki baada ya ukaguzi nilichagua lile dogo. Lilikatwa vizuri zaidi, na yakiwekwa pamoja ndilo lililowaka.

Nililipa kupitia benki. Ankara iliandikwa namba ya cheti, uzito, na tamko kwamba almasi ni ya asili na haikutoka kwenye biashara ya kugharimia vita. Nilipotua nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa maofisa wa forodha kutamka nilichobeba; wakalinganisha jiwe na ankara, nikalipa ushuru, nikapewa stakabadhi.