Siku ya Kumwaga Lenta, Gungu, Kigoma

Saa 11:30 alfajiri
Usiku manyunyu yamepita. Leo tunamwaga lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, na siku ya zege nikifungua macho tu nawaza mchanga. Mchanga ukilowa huvimba, kwa hiyo ndoo ikijaa unadhani umepima sawa kumbe mchanga wenyewe ni pungufu. Halafu ndani yake tayari umebeba maji. Hesabu mbili zimeshabadilika na mfuko wa saruji bado haujafunguliwa.

Saa 1:00 asubuhi
"Mwakeye!" Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kiha. Vijana wako saiti tayari. Nyumba ni ya mwalimu mstaafu, vyumba vitatu, tofali za kuchoma. Kijana mmoja namwambia achukue ndoo aloweshe kichwa cha ukuta wote, maana tofali hizi zikiwa kavu zitalinyonya zege maji yake kabla saruji haijayatumia.

Mimi napanda jukwaani kukagua nondo. Ziko nne za milimita 12, na ringi, vile vyuma vya kuzifunga pamoja, za milimita 8 kila sentimita 20. Pale nondo mbili zinapoungana, zinatakiwa zipishane mara 40 ya unene wake, yaani sentimita 48 kwa hizi. Kwenye kona ya jikoni nakuta zimepishana shubiri moja tu. Aliyefunga anafungua, anafunga upya, ananuna. Namwacha anune.

Kisha biskuti, vile vipande vya zege vya sentimita mbili na nusu vya kuinua nondo zisilalie tofali wala kugusa mbao. Watu huviona ni mapambo. Nondo isiyofunikwa vizuri hufikiwa na unyevu, inashika kutu, kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ukiona lenta imebanduka na nondo nyekundu inachungulia, mara nyingi hapo hapakuwa na biskuti.

Saa 2:00
Ubishi wa kila saiti. "Fundi, si tunaenda mfuko mmoja, toroli mbili mchanga, nne kokoto? Moja mbili nne hiyo."

Siyo hiyo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Toroli likijaa linakaribia mara mbili yake. Kwa hiyo huyo anayejisifu kwa moja mbili nne ya toroli, kiukweli anamwaga moja kwa karibu nne kwa karibu nane, halafu lenta ikipata ufa analaumu kiwanda cha saruji. Mimi napima kwa ndoo ya lita 20: mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, kila ndoo imekatwa usawa wa mdomo.

Lenta yetu ina mita 60 kwa jumla, sentimita 20 kwa 20. Hiyo ni mita za ujazo 2.4. Mita moja ya ujazo kwa kipimo hiki hula mifuko sita na nusu hivi, kwa hiyo tunahitaji kama 16. Nimeagiza 17, kwa sababu kuna kinachomwagika njiani.

Saa 3:00
Tunachanganyia juu ya bati, siyo kwenye udongo. Mchanga na saruji vinageuzwa vikavu mpaka rangi iwe moja, kisha kokoto, ndipo maji. Kawaida ni lita 25 kwa mfuko, lakini kwa mchanga wa leo naanza na ndoo moja tu na kuongeza kidogo kidogo. Nafinya konzi moja kiganjani: limeshikana, na maji hayachuruziki vidoleni. Hapo hapo.

Karai la tatu halijafika juu, sauti inashuka: "Fundi, zito hili! Ongezeni maji!"

"Ongeza mkono!"

Namwelewa, zege la uji linajimwaga lenyewe na mgongo unapona. Ila maji yaliyozidi saruji haiyatumii. Yanakaa ndani, baadaye yanatoka na kuacha vitundu, na nguvu imeondoka nayo. Ndiyo maana mtu wa pipa la maji namchagua mwenyewe, tena mbishi.

Saa 5:00
Jua limeshawaka. Zege halilali, kwa hiyo chai imenyweka kwa zamu. Niko juu na kipande cha nondo, nachokoa kila karai linapomwagwa, hasa kwenye kona ambako chuma ni kingi, huku dogo anagonga mbao kwa nyundo hewa itoke. Usipochokoa, ukifungua mbao unakuta zege lina matundu kama sega la nyuki.

Saa 8:00 mchana
Tumefunga kona ya mwisho. Ugali na dagaa kutoka kwa mama ntilie, hakuna anayeongea.

Saa 9:30 alasiri
Mwalimu anafika. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hongereni. Sasa litakauka lini?"

"Mwalimu, sitaki likauke."

Ananiangalia. Namweleza kwamba zege hukomaa kwa maji, siyo kwa kukauka. Saruji inaendelea kufanya kazi muda wote unyevu ukiwepo. Basi viroba vilivyoloweshwa vifunike lenta yote, na mwagilia asubuhi na jioni, siku saba. Kwa jua kama hili hata mchana. Bomba linaweza kukatika, kwa hiyo pipa lijazwe leo. Kufikia siku ya saba litakuwa na kama theluthi mbili ya nguvu tunayoihesabu siku ya 28. Mbao za pembeni nitatoa keshokutwa, ila miti iliyoshikilia juu ya milango na madirisha isiguswe wiki mbili, hata fundi wa paa akija na haraka zake.

Saa 11:00 jioni
Makoleo na makarai yameoshwa kabla hayajagandiwa, vibarua wamelipwa. Mfuko mmoja umebaki na Mwalimu anataka kuutunza kwa ajili ya plasta. Sawa, ila ukae juu ya mbao, mbali na ukuta, na siku ya kuutumia aushike kwanza. Akikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, asimpe fundi yeyote, hata mimi.