Rangi ya Kolo

Nauza rangi Buguruni. Kutwa nzima nawaeleza watu kwa nini kuta zao zinabanduka: plasta haikukauka, chumvi inapanda kutoka kwenye msingi, fundi kazidisha maji kwenye ndoo. Kwa unyevu wa Dar, ukuta ukipita masika mawili matatu unaanza kuchuja. Kwa hiyo nilipofika kwenye miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, nilianza kuikagua rangi hata kabla sijajua imechorwa nini.

Tulikuwa tumekwenda ukweni. Mke wangu ni Mrangi, kabila la huku Kondoa, na shughuli ya familia ilipokwisha kaka yake akaniambia, "Shemeji, huwezi kurudi Dar hujaona Kolo." Si mbali. Kolo iko kando ya barabara ya Kondoa kwenda Babati, na siku hizi ni lami. Unaanzia ofisi ya Mambo ya Kale, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Gari linakwenda hadi linapoishia, halafu unapanda kwa miguu, na jasho litakutoka.

Juu kuna mwamba mkubwa uliojitokeza mbele kama kibaraza. Mwanzoni niliona madoa mekundu tu. "Tulia kwanza, mwanangu, jicho lizoee," mzee anayetuongoza akasema. Kweli, likazoea. Akatokea twiga, akatokea pofu, yule swala mkubwa, kisha watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya mviringo kama nywele zimetimuliwa. Nilisimama muda mrefu mbele ya mgongo wa mnyama mmoja. Mstari wake umevutwa kutoka shingoni hadi mkiani bila kukatika, hauna mahali ulipovimba wala ulipokauka. Wapaka rangi wangu wazuri, wenye brashi za dukani na ukuta uliopigwa skimu ya kulainisha, si wote wanaouweza mstari ule. Huyu aliuvuta juu ya jiwe lenye mikwaruzo.

Rangi yenyewe ni udongo mwekundu wenye madini ya chuma, ukasagwa na kuchanganywa na kitu cha kushikisha. Wataalamu hutaja mafuta ya wanyama. Mimi nauza unga wa redi oksaidi wa kupaka sakafu, na kwa asili ni kitu kilekile: kutu ya chuma. Kutu haipaushwi na jua. Kwa majani au maua wasingefika mbali. Na walichagua mahali penye paa, mvua isipige moja kwa moja. Hawa watu walijua kazi.

Pembeni kuna michoro mingine, myeupe, minene, iliyopakwa kwa vidole. Hiyo ni ya baadaye, na inahusishwa na wakulima waliokuja kuishi huku. Myekundu inahusishwa na wawindaji wa kale, watu wa jamii za Wasandawe na Wahadzabe. Tofauti niliiona kwa macho: nyekundu imeingia kwenye jiwe, nyeupe imekaa juu yake, ndiyo maana inabanduka.

Kondoa ina mapango na miamba ya michoro zaidi ya 150, na UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja mwaka 1951 kunakili michoro hii. Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba pale pangali panatumika. Warangi bado hupanda kwenye mwamba wa Mungomi, hapahapa Kolo, kufanya matambiko, kuomba mvua, kuombea wagonjwa. Halafu hapohapo kuna watu waliochimba sakafu wakitafuta hazina inayosemekana ilifukiwa na Wajerumani! Liliniuma sana. Hazina iko ukutani, haihitaji sururu.

Niliporudi Dar nikaenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, halafu Mwenge kwa wachonga vinyago. Nilitaka kuwaona Wamakonde kwa jicho lile nililolipata Kolo. Barakoa zao za ngoma, mapiko, hazichongwi kwa mpingo, maana mchezaji huvaa kichwani na mpingo ungemvunja shingo. Ni mti mwepesi, ukapakwa rangi, ukapandikizwa nywele za mtu kabisa, na chale za usoni zikatengenezwa kwa nta. Ukiisogelea barakoa nzuri unaona mdomo umeachwa wazi kidogo, kama mtu anayetaka kujibu.

Pale Mwenge fundi mmoja alinionyesha gogo la mpingo kabla halijaguswa. Nje ni jeupe kama ute wa yai lililochemshwa, weusi wote uko ndani. Anaanza na tezo, anaingia na patasi, anamaliza na msasa. Alikuwa anachonga shetani, yaani kinyago cha pepo, mtindo ulioanzishwa na Samaki Likankoa, Mmakonde wa Msumbiji aliyehamia huku. Jicho moja lilikuwa tayari, la pili bado ni mti.

Fundi akanitahadharisha pia juu ya vinyago vya mti mwingine vinavyopakwa kiwi ya viatu na kuuzwa kama mpingo. Sugua chini kwa kitambaa chenye maji, kiwi itatoka. Au kitie kwenye ndoo: mpingo unazama. Na mkinunua, msiwabane mafundi kwa bei. Kinyago cha ujamaa, wale watu waliobebana wakazunguka gogo zima, kinakula wiki nyingi za mikono yake, na hakuna kiungo, ni mti mmoja.

Wanaotaka kwenda Kolo, nendeni kiangazi, asubuhi na mapema, na viatu vya kushika jiwe. Maji ni ya kunywa, msiyamwage kwenye michoro ili ing'ae kwenye picha ya simu, yanaiharibu. Msiguse. Na mkikuta watu wa matambiko wametangulia, kaeni chini kivulini, wasubirini wamalize.