Kutumwa sokoni Oaxaca

Siku yangu ya kwanza mjini Oaxaca, kusini mwa Mexico, niliingia soko la Benito Juárez saa tano asubuhi, simu mkononi, nikatoka saa nane na kofia ya ukindu ambayo sikuihitaji, na njaa. Nilikuwa nimepita mbele ya vyakula vya kila rangi bila kula hata kimoja, kwa sababu sikujua naanzaje. Mimi niliyekulia Bukoba, niliyetumwa sokoni tangu darasa la pili, nilizidiwa na soko. Niliona aibu.

Nilikuwa nimefikia kwa shangazi wa rafiki yangu. Rafiki huyo tunafanya naye kazi ya kulea wazee Houston, na kila mwaka alikuwa akiniambia twende nikaone kwao. Septemba nikapata likizo ya wiki mbili, yeye akakosa, basi akanipa anwani niende peke yangu. Shangazi mwenyewe ni mama wa miaka sabini na ushei, anakaa mitaa michache kutoka uwanja mkuu wa mji, Zócalo. Nyumba nzima inamwita Tía, yaani shangazi, nami nikamwita hivyo hivyo. Kihispania changu ni cha wodini: "panauma wapi?", "meza dawa", "geuka taratibu". Sokoni hakina kazi.

Jioni ile Tía aliitazama kofia, akauliza bei, akacheka mpaka akashika ukuta. Kulipokucha hakunipa ushauri wowote. Alichana karatasi ya daftari, akaandika vitu vinne, akanipa kikapu na noti ya peso 200, akanionyesha mlango.

Karatasi ile ndiyo iliyonifungulia soko. Ukizurura mikono mitupu kila mtu anakupigia debe. Ukitoa karatasi, muuzaji anaisoma, anakuelekeza kwa kidevu, "kile kizimba cha pale", na huyo wa pale anaisoma tena. Ndani ya saa moja nilikuwa nimeongea na watu wengi kuliko siku nzima iliyotangulia, karibu yote kwa vidole.

Kwa anayetaka kwenda: masoko makubwa ya katikati ya mji ni mawili, yanatazamana, barabara moja tu katikati. Benito Juárez, lenye jina la Mzapoteki, mtu wa kabila la wenyeji, aliyezaliwa kijiji cha milimani cha jimbo hilohilo mwaka 1806 akaja kuwa rais wa Mexico, ndiko kwa vitu vya kununua: jibini, pilipili, mikanda ya ngozi, maua, kofia za kuwauzia wajinga. La pili, 20 de Noviembre, limeitwa kwa siku ambayo mapinduzi ya 1910 huhesabiwa kuanza, na kule watu wanakwenda kula. Siku ya kwanza sikujua hata hilo. Nilikuwa natafuta chakula kwenye mikanda.

Cha kwanza kwenye karatasi kilikuwa quesillo, robo kilo. Ni jibini nyeupe inayovutwa ikawa utepe mrefu, kisha inaviringwa kama donge la uzi wa kufumia. Mama anayeuza haikati kwa kisu. Anashika ncha, anafumua, anafumua, anatupa kwenye mizani, anachana kipande na kukutia mkononi uonje. Ina chumvi kidogo na inalia ukiitafuna. Nilionja kwa watatu kabla ya kununua, na hakuna aliyenuna.

Cha pili nilidhani Tía amekosea: majani ya mparachichi. Kwetu majani ya mparachichi ni kazi ya fagio. Oaxaca yanauzwa makavu, kwa kichane, yanapashwa juu ya moto kidogo kisha yanasagwa na maharage meusi, nayo maharage yanatoka na harufu tamu ambayo huwezi kuitaja ukiwa hujaambiwa. Nimeshaweka mafungu mawili kwenye kabati langu Houston. Ila siyo kila mparachichi una harufu hiyo, kwa hiyo usikimbilie wa nyuma ya nyumba yako.

Cha tatu, nyanya, kilinirudisha nyumbani. Pembeni kwenye njia wanakaa chini akina mama waliotoka vijijini, na nyanya wamezipanga mafungu: tatu chini, moja juu. Sikuamini macho yangu. Swali la kujifunza ni moja, "¿A cómo el montón?", fungu kiasi gani? Akajibu, nami kwa mazoea nikaanza kupatana. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kitu cha ajabu, akarudia bei ileile, polepole zaidi. Nilipomsimulia Tía, akanieleza kwamba chakula cha fungu hakishushwi bei. Unalipa, halafu unaomba pilón. Pilón ni nyongeza, ileile ya kwetu, na kama ya kwetu inakuja yenyewe ukirudi kwa mtu yuleyule. Siku ya tatu yule mama wa nyanya alinitupia ndimu mbili na shina la giligilani bila mimi kusema neno, akaniita güerita. Maana yake mweupe mdogo. Mimi! Huwaita hivyo wateja wote, Tía akasema, usijitazame kwenye kioo.

Si wote lakini. Wengi waliniuliza kama natoka Pwani, na mwanzoni nilidhani wananitania. Kumbe pwani ya Oaxaca na Guerrero, Costa Chica, ina vijiji vya Wamexico weusi, wajukuu wa Waafrika walioletwa utumwani enzi za Wahispania. Katiba iliwatambua mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.5 nchi nzima waliojitambua kuwa wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo muuzaji alipouliza "de la Costa?" alikuwa ananihesabu kuwa mtu wa jimbo lake. Nilianza kujibu "hapana, mbali zaidi", wakacheka, na bei haikubadilika.

Sasa cha nne. Kwenye milango ya Benito Juárez wapo akina mama wenye makarai yaliyojaa vilima vya kitu chekundu cha kahawia. Watalii wanapiga picha na kurudi nyuma. Mimi nilisogea. Chapulines! Panzi, jamani. Mhaya umemweka mbele ya karai la panzi unategemea akimbie?

Lakini si senene. Hili nalisema kwa haki ya pande zote mbili. Senene wetu wanakuja na mvua za Novemba, usiku, wanafuata taa. Tunawanyonyoa mbawa na miguu, tunawakaanga kwa mafuta yao wenyewe mpaka chumba chote kinanukia. Chapulines wanakamatwa mashambani alfajiri, bado wana baridi, msimu wa mvua wa kule, na hawa hawarukii taa kwa sababu hawana mbawa za kuruka nazo. Wanachemshwa, wanakaushwa kwenye comal, kikaango bapa cha udongo mfano wa chuma cha chapati, pamoja na kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Matokeo: wakavu, wachachu, na miguu yao inabaki. Inakwama kwenye meno. Senene ni nyama. Chapulín ni kiungo, unamnyunyiza juu ya kitu. Wanapangwa kwa ukubwa, na wadogo ndio watamu zaidi kwa maoni yangu. Nilikula kiganja kizima nimesimama palepale, na muuzaji akawaita wenzake waje waone. Hakuwa amezoea mgeni anayeomba cha pili.

Kula chakula cha mchana 20 de Noviembre nako kuna mpango wake, na usipoujua utasimama kwenye moshi machozi yakikutoka. Kuna ujia mmoja mzima wa wachoma nyama, mkaa pande zote mbili, unaitwa ujia wa moshi. Mlangoni unanunua kwanza vitunguu vyenye majani na pilipili. Unabeba kikapu chako mpaka kwa mchoma nyama, unachagua: tasajo, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama kitambaa ikatiwa chumvi, au cecina, ya nguruwe, iliyopakwa pilipili. Anapima, anatupa jikoni pamoja na vitunguu vyako. Wewe unakwenda kukaa. Tortilla, vile vichapati vyembamba vya mahindi, zinaletwa na mwingine, parachichi iliyopondwa na figili zinaletwa na mwingine tena, na kila mmoja unamlipa kivyake. Nilipokwenda mara ya kwanza nilimlipa mchoma nyama nikadhani nimemaliza, nikainuka. Mama wa tortilla alinishika mkono kwa upole kabisa.

Juu ya kinywaji sitasema mengi. Jamaica ni choya, tamarindo ni ukwaju, utajisikia uko nyumbani. Kipya kwangu kilikuwa tejate: mahindi, kakao, kokwa ya tunda la mamey na ua kavu, vyote vinasagwa, kisha mama anaingiza mkono mpaka kiwiko kwenye bakuli kubwa la udongo na kuvuruga hadi povu zito jeupe linapanda juu. Unapewa kwenye kibuyu kilichopakwa rangi. Kwa mbali kinanikumbusha togwa.

Nilijiona nimefuzu, nikaamua kumpikia Tía. Hapo nikaanguka.

Niliona mama anauza masa, donge la unga wa mahindi mabichi mabichi hivi, nikasema ugali huo. Nikanunua kilo. Nikachemsha maji, nikakoroga, nikasonga. Ukawa gundi. Niliongeza moto, ukazidi kunata, mwiko ukasimama wima peke yake, na harufu ilikuwa ya tortilla, si ya ugali hata chembe. Tía alikuja, akachovya kidole, akauliza kwa heshima kama ni dawa ya ngozi.

Kosa ni chokaa. Mahindi ya tortilla yanachemshwa na chokaa, yanalala humo usiku kucha, yanaoshwa maganda yakatoka, ndipo yanasagwa. Kwa hiyo masa haina tabia ya unga wetu. Na si suala la ladha tu: chokaa inaachilia vitamini ya B3 iliyofungwa ndani ya punje, ndiyo maana watu wanaokula mahindi hivyo tangu zamani hawakusumbuliwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Mahindi yalipovuka bahari kuja kwetu na kwenda Ulaya, ujuzi huo ulibaki nyuma. Pangoni Guilá Naquitz, jimbo hilohilo la Oaxaca, yamepatikana magunzi ya zaidi ya miaka 6,000. Nikaona basi, nani mimi nimfundishe Tía mahindi. Nikageukia ndizi.

Ndizi za kupika si rahisi. Kwenye masoko ya katikati zipo plátano macho, lakini zimeiva, za kukaanga. Tía akasema nisubiri Jumamosi niende Central de Abastos, soko kubwa la jumla magharibi ya mji, karibu na stendi ya mabasi ya vijijini. Jumamosi ndiyo siku yake kuu. Akanivua saa ya mkononi, akaniambia hela niweke mbele, simu niiache. Nikaenda. Ni Kariakoo hiyo, na zaidi: vichochoro vya turubai, bata mzinga waliofungwa miguu, milima ya vitunguu, na wapagazi wanaosukuma vitoroli nyuma yako wakipiga kelele "ahí va el golpe!", kipigo kinakuja hicho. Nilielewa bila kufundishwa. Nikapisha.

Nilimkuta mwenye ndizi ndani kabisa, shehena mbichi imefunikwa majani ikisubiri kuiva. Nikaonyesha. Akatikisa kichwa.

"Bado mbichi, mama."

"Ndiyo. Nataka mbichi."

"Hazijaiva."

"Najua. Verde. Verde."

Akanionyesha za njano. Nikaonyesha za kijani. Akamwita jirani yake, jirani akamwita mkewe, wakasimama watatu kunitazama nikichagua ngumu kuliko zote. Mke akanigusa tumbo na kuuliza kama nina mimba. Walinipa chane moja, na ya pili ikawa pilón, nadhani kwa huruma.

Nilizimenya kwa mikono iliyopakwa mafuta, nikazipika na maharage meusi, kitunguu na nyanya za mafungu. Ndizi zenyewe zilikuwa zile za kuivisha, hazina uzito wa zile za Bukoba, lakini zililainika. Nikataka kuzipakua hivyohivyo. Tía hakukubali: akaweka majani ya mparachichi yaliyopashwa, akafumua quesillo juu, akamalizia kwa konzi ya chapulines. Nilitaka kulalamika. Nikaonja, nikanyamaza. Alikula sahani mbili, akapeleka ya tatu kwa jirani na maelezo marefu ambayo sikuyafuata, isipokuwa neno "África" na mkono wake ukionyesha ukubwa wa ndizi kwa kutia chumvi.

Jumatatu asubuhi karatasi ilikuwa mezani kama kawaida. Quesillo, pilipili, giligilani, maharage. Chini kabisa ameandika plátano, kisha verde mara mbili, akapiga mstari.