Nilivyochora matoleo ya Python yakaenea kwenye karatasi moja

Vijana ninaowafundisha kuandika programu kwa lugha ya Python hapa Ngamiani, Tanga, huja na laptopu za kila namna, nyingi za mtumba, na baadhi bado zina Windows 7. Swali ni lile lile: "Ticha, nishushe Python ipi?" Mwenye Windows 7 mwisho wake ni toleo la 3.8, kwa kuwa 3.9 haiikubali. Lakini 3.8 nayo iliachwa kutunzwa Oktoba 2024, yaani hairekebishwi tena. Kuyaeleza hayo kwa mdomo kila darasa jipya kunachosha, nikaona niyachore.

Michoro mingi ya aina hii hupanga nukta kwenye mstari mmoja: 1991 toleo la kwanza la Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, 1994 ikaja 1.0, 2000 ikaja 2.0, hivyo hivyo hadi leo. Inapendeza, ila haikwambii lipi lingali hai. Tena inaficha utamu wenyewe wa historia hii: 3.0 ilitoka Desemba 2008, kisha 2.7, yenye namba ndogo, ikatoka Julai 2010! Matawi hayo mawili, la 2 na la 3, yalikwenda sambamba hadi Aprili 2020, ilipotoka 2.7.18, ya mwisho kabisa.

Basi kila toleo nikalipa ufito wake, kuanzia siku lilipotoka hadi siku lilipoachwa, na miaka ikapita chini. Tarehe ziko kwenye tovuti ya Python yenyewe. Nilizinakili kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lenye safu tatu: toleo, siku ya kutoka na siku ya kuachwa. Kuchora ni kazi ya Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu: amri yake ya barh, ya fito za kulala, inataka jina la toleo, mwanzo wa ufito na urefu wake, basi.

Penye kutaka umakini ni namba za matoleo. Kompyuta ikizisoma kama desimali, 3.10 inageuka 3.1. Ukiziacha kama maandishi na kuzipanga, 3.10 inakaa kabla ya 3.2. Dawa ni kuzikata kwenye nukta, kila kipande kiwe namba kamili, ndipo uzipange.

Rangi sikuzitaka, maana steshenari kuchapa rangi ni bei nyingine. Fito za matoleo yaliyokoma nilizijaza mistari ya mshazari, zilizo hai nikazifanya nyeusi tupu.

Ulipotoka mchoro, jambo moja lilijitokeza bila kutafutwa. Fito za zamani zinaanza popote: 3.6 Desemba 2016, 3.7 Juni 2018. Kuanzia 3.9, ya Oktoba 2020, zinapanda kama ngazi, kila Oktoba moja, kila moja na miaka yake 5. Ni utaratibu waliokubaliana watengenezaji wake, na kwangu mimi mwalimu ni nafuu kubwa: Oktoba ikifika naongeza mstari mmoja kwenye CSV, nachapa karatasi nyingine ya A3.