Samaki wa Rosh Hashanah, mtamu bila uchachu

Nanasi lisilopikwa lisikaribie samaki mbichi. Naanza na hilo kwa sababu shoga yangu alinishauri kinyume chake, na ushauri wake bado anaugawa bure.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, napikia familia ya Kiyahudi hapa Golders Green, London. Mwaka wao mpya, Rosh Hashanah, hufunguliwa kwa gefilte fish, madonge ya samaki wa kusaga. Safari hii mama mwenye nyumba alitaka kitu chepesi, maana nyuma yake kuna supu, nyama na keki ya asali. Nikawaza samaki mbichi anayeivishwa kwa uchachu wa ndimu, bila moto. Nikamwambia, "Niachie, mama, samaki na ndimu ndiyo kwetu." Akanikata kauli: "Ndimu? Usiku ule hatuli kichachu." Wengi wao huepuka siki na kila kikali, wanataka mwaka uingie mtamu. Nikajaribu maji ya machungwa matupu. Samaki alitoka mbichi vilevile alivyoingia.

Ndipo shoga akaniambia, "Tia nanasi, tamu na lina makali yake. Si hulainisha nyama?" Hulainisha, ndiyo! Nikalaza vipande vya salmoni kwenye nanasi la kusaga, friji, usiku kucha. Asubuhi kwa macho vilikuwa vizuri, ila kingo zimeota manyoya. Nikagusa kimoja kwa kijiko, kikasambaratika. Cha pili hivyo hivyo. Nikakoroga: uji wa waridi, wa kunywa kwa kikombe. Nanasi lisilopikwa, hata likiwa limeiva, lina kimeng'enya cha bromelini kinachokatakata protini, na papai lina chake. Salmoni niliyoinunua pauni 20 na ushee ikaenda kwenye pipa.

Dawa ilikuwa ndimu ifanye kazi jikoni, isifike mezani. Samaki nimnunue na ngozi yake, magamba yaonekane, maana asiye na mapezi na magamba si kosher, yaani dini yao haimruhusu. Akae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, siku nzima au zaidi; ndimu haiui minyoo, msidanganyike. Kisha nikamkata vijipande, chumvi, ndimu ya kumfunika. Nje alipopauka na ndani bado anang'aa, robo saa na kidogo hivi, nikamwaga kwenye chujio na kumkausha kwa kitambaa. Hapo ndipo nikamvisha utamu: maji ya chungwa, embe bivu la kuponda, asali, kitunguu nilichokiosha kwa chumvi kama cha kachumbari, kotimiri niliyoikagua jani kwa jani (mdudu, hata mmoja tu, ni haramu kwao), na punje za komamanga juu. Mama akaonja, akafumba macho. "Uchachu uko wapi?" Nikacheka tu.

Nilitia na tui zito. Wao hawachanganyi maziwa na nyama; tui si maziwa, kwa hiyo halina ugomvi na nyama inayofuata, lakini mgeni akiona weupe ule atashtuka. Wao wakitumia maziwa ya lozi kwenye mlo wa nyama huweka lozi pembeni ili watu waelewe. Nami nikaweka nusu ya nazi na kifuu chake kando ya bakuli. Babu wa nyumba aliiona, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachota mara ya pili kabla sahani za samaki hazijaondolewa.

Shoga nilimweleza yote. Anasema nanasi langu halikuwa limeiva.