Kutoka Kitulo hadi Matema kwa miguu

Wengi wakizungumzia Kitulo, hifadhi ya taifa iliyo kusini mwa Tanzania, huzungumzia maua, na ni haki yao. Kati ya Desemba na Aprili uwanda ule hujaa okidi na maua ya kila rangi, ndiyo maana wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mimi nilikwenda Septemba. Nilitaka kuuvuka uwanda, nipite Milima ya Livingstone na kushuka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na njia ya kushukia ikilowa inakuwa utelezi mtupu. Kwa mtu wa kutembea, nasema ardhi kavu kwanza, maua baadaye.

Kutoka Chimala gari lilipanda kona zile 57 hadi Matamba, na pale ndipo nilipojipanga. Matamba ni mji mdogo, lakini una soko, na ofisi ya hifadhi iko hapo hapo, kwa hiyo kibali na askari wa kuniongoza nilivipata bila kuzunguka. Nilinunua unga, dagaa wakavu, karanga, sukari, majani ya chai, na kiberiti nikakitia ndani ya kopo lenye mfuniko. Viazi mviringo vya huko ni vitamu sana, ila ni mzigo mzito. Nilimweleza hivyo mama mmoja muuzaji baada ya kumwamkia.

“Marahaba mwanangu. Sasa utakwendaje Kitulo bila kiazi? Chukua hivi vya kuchemsha, uvile leo leo.”

Nilivila jioni, kwenye uwanda ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, huku nimevaa sweta mbili na koti juu. Baridi ya Kitulo usiku haina huruma. Ukikata shauri kwenda, punguza nguo nyingine zote lakini blanketi nzito usiiache.

Uwandani kutembea ni raha: nyasi, upepo na vijito vya maji baridi. Kazi iko kwenye kushuka. Ziwa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo magoti yanabeba zaidi ya mita 2,000 za mteremko. Askari alinikatia fimbo ndefu iliyonifika kifuani, akanifundisha kuitanguliza, kisha kushuka kwa upande, hatua fupi fupi. Tulikuwa tukipumzika kabla sijachoka. Hilo alilisisitiza tangu asubuhi, na naamini ndilo lililonifikisha. Kucha za miguu nilizikata mapema, na kamba za viatu nilizikaza kila tulipoanza mteremko mpya ili vidole visigonge mbele.

Msituni tulinyamaza tukisikiliza kama kuna kipunji, yule nyani ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 ilhali Wanyakyusa walikuwa na jina lake tayari. Hatukumwona. Hata hivyo, kupita nyumbani kwake kulinifurahisha mno.

Kadiri tulivyoshuka nilivua koti, kisha sweta moja, kisha nyingine. Migomba ikaanza kuonekana, na joto la ziwani likatupokea.

Nilikuwa nimepanga nifike Matema Ijumaa, maana Jumamosi kuna soko la Lyulilo, ambako Wakisi huleta vyungu vyao kutoka Ikombe. Nilinunua kimoja kidogo, nikakipakata garini hadi Kyela, na kutoka Kyela nikapanda basi la Mbeya.