Flashi ya sabufa na kanda ya taarabu: unanunua nini hasa?

Ukiingia Ngamiani, hapa Tanga, kutafuta nyimbo, aghalabu huulizwi unataka albamu gani. Unaulizwa flashi yako ni ya GB ngapi. Nyimbo zimekuwa kama mchele: zinauzwa kwa kipimo, na aliyekupimia ndiye aliyechanganya. Anayelipwa ni mwenye kompyuta. Mwimbaji haambulii kitu, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na COSOTA, taasisi ya serikali ya kusimamia hakimiliki, ipo. Hilo lijulikane kabla hatujaingia kwenye waya na mafaili.

Wanaosema dijitali ndiyo iliyoleta kununua wimbo mmoja mmoja wanalikumbuka duka la mtandaoni la iTunes la 2003, wimbo kwa senti 99 za Marekani, wakasahau santuri. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za hapahapa Tanga, zilisikika kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika: wimbo mmoja upande huu, mwingine upande wa pili, na wimbo mrefu ukikatwa vipande viwili. Kwa wengi wetu, kanda ndiyo iliyoleta mfululizo. C60 ilikuwa dakika 30 kila upande, C90 dakika 45, na taarabu ikapata nafasi ya kujitanua, beti kwa kiitikio, bila mtu kutazama saa. Kuna mtu aliyeamua wimbo upi ufungue upande A, na karatasi ya jalada ikataja kikundi na mwimbaji, pengine hata mtunzi wa shairi. Flashi imechukua sauti, karatasi ikaachwa. Kwangu mimi hasara hiyo ni kubwa kuliko huo upungufu wa sauti unaolalamikiwa kila siku.

Upungufu wenyewe una hesabu. MP3, yaani faili la sauti iliyobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika. Ya 320 hula MB 2.4. Taarabu ya dakika 12 basi ni MB 11.5 au MB 29. Flashi ya GB 8 itabeba nyimbo 690 hivi za urefu huo kwa 128, ama 275 kwa 320. Muuzaji anayejisifu kwamba GB 8 yake ina nyimbo elfu mbili za kawaida, za dakika nne nne, anakuambia bila kujua kwamba ni 128 au chini ya hapo. Kwa sabufa ya barazani 128 iliyotoka kwenye CD haina aibu kubwa. Kasoro utaisikia kwenye matoazi na makofi, sauti inakuwa ya majimaji. Ukiweza, taka 192 au zaidi.

Kibaya hasa ni 320 ya uongo. Sauti ya YouTube aghalabu huwa kilobiti 128 hivi, na haizidi sana 160. Mtu akiichota na kuigeuza MP3 ya 320, faili linanenepa tu, na sauti inapungua kidogo kwa kubanwa mara ya pili. Lifungue faili kwa Audacity, programu ya bure, uangalie spektramu, yaani mchoro wa masafa ya sauti, ya chini hadi ya juu. MP3 ya 128 kwa kawaida hukatika karibu na kHz 16. Linalojiita 320 likawa limekatwa hapohapo kwa mstari ulionyooka, limeshajieleza. Kipimo hiki kinafaa nyimbo za studio za sasa tu. Kanda kuukuu nyingi hazifiki huko hata zikiwa salama.

Kuna flashi zenyewe pia. Zipo zilizoandikwa GB 64 na ndani ni GB 8. Majina ya nyimbo yanaonekana yote, lakini baada ya mia kadhaa za kwanza hakuna linalopiga. Pima kwa programu kabla hujalipa au kabla hujajaza: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux na Mac. Sabufa nyingi za bei ya chini zinasoma FAT32 peke yake (ni namna flashi inavyopangwa kuhifadhi mafaili), na memori kadi ya zaidi ya GB 32 hutoka dukani ikiwa exFAT, mpango mwingine, kwa hiyo redio inakaa kimya na mtu anadhani kadi imekufa. Nunua ya GB 32 au ndogo zaidi, yaishe. Faili za sauti za aina nyingine, m4a na FLAC, nazo mara nyingi hazipigi humo. MP3 ndiyo salama. Halafu kuna mpangilio: sabufa nyingi hupiga nyimbo kwa jinsi zilivyonakiliwa, hazifuati alfabeti. Ukitaka upande A uje kabla ya upande B, anza majina kwa 01, 02, 03, futa vyote, kisha nakili moja baada ya nyingine kwa zamu hiyo.

Programu za kusikiliza mtandaoni sizielezi kwa urefu. Saa moja kwa kilobiti 128 ni MB 58 za bando, kwa 320 ni MB 144, na video inakula mara kadhaa ya hapo. Wimbo uliopakua ndani ya programu hauhamii kwenye flashi, na malipo ya mwezi yakikatika haupigi tena. Ila mwenye kazi anapata chochote, na jina lake linabaki mahali pake.

Sasa kanda, maana kuna taarabu za Tanga zilizobaki kwenye makabati tu. Kwanza vunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, asije mtu akarekodi juu yake. Ikague. Unga mweupe pembeni mwa utepe ni ukungu, na hewa yetu ya bahari inaulea. Kanda hiyo usiiweke kwenye deki nzuri, itachafua hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, na kuambukiza kanda nyingine. Iliyo safi izungushe mbele mpaka mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kuipiga, ili utepe ulioshikana uachie. Kama kile kisponji kidogo cha kusukumia utepe kwenye hedi kimedondoka, sauti itakuwa hafifu na ya mbali. Hamishia utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu.

Safisha hedi kwa pamba na spiriti ya aisopropili. Sauti ikiyumba, aghalabu belti ya deki imelegea. Ikiwa nzito, haina ukali wa fidla wala ganuni, geuza kidogo sana ile skrubu iliyo kando ya hedi huku kanda inapiga, mpaka ukali urudi. Hiyo ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila fundi, na hakuna programu itakayoirekebisha baadaye.

Toa waya kwenye tundu la line out la deki uingize line in ya kompyuta. Tundu la maikrofoni halifai: linakuza sauti mno, na mara nyingi hunasa upande mmoja tu. Rekodi WAV, faili la sauti isiyobanwa, ya kHz 44.1 na biti 16. C60 nzima itakula MB 635. Kilele cha sauti kwenye kipimo cha programu kisipite desibeli −6, kwa sababu sauti iliyokatika kichwa haitengenezeki. Ngurumo ya hezi 50 ikiingia, chomoa chaja ya kompyuta utumie betri.

Kufuta mchakacho kwa programu, punguza tamaa. Ukizidisha, unaondoka na pumzi ya mwimbaji na mkia wa ganuni. WAV iache ilivyo, fanya majaribio kwenye nakala, kisha tengeneza MP3 na ujaze sehemu za maelezo: kikundi, mwimbaji, mtunzi, jina la wimbo. Jalada lipige picha pande zote mbili, uliweke kwenye folda hilohilo. Weka nakala kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kanda yenyewe isitupwe: iegeshe wima ndani ya kasha lake, mahali pakavu, mbali na spika ya sabufa kwa sababu ya sumaku yake.